Sharti la sita lifutwe kabla hatujatuma hadithi

Ndugu Mhariri,

Sijui kama nikuamkie au wewe uniamkie mimi, maana picha yako iliyo juu ya safu ya maoni ni ileile tangu niliporudi nchini, na watu wa kwenye picha hawazeeki. Basi pokea salamu za Tanga kutoka kwa mstaafu mwenye wajukuu, na mwenye ugonjwa wa kusoma masharti ya kila kitu, hata yale ya maandishi madogo nyuma ya kopo la dawa ya mbu.

Masharti ya shindano lenu la hadithi fupi, lile mlilolitangaza kwenye kijarida cha wanawake cha Jumamosi, nimeyasoma yote manane. Saba nitayagusa kwa haraka. La sita ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Linasema hadithi zote zitakazotumwa zitakuwa mali ya gazeti, nalo litakuwa huru kuzitumia kwa namna yoyote na wakati wowote, bila malipo mengine.

Hadithi zote, Mhariri. Siyo ile ya mshindi peke yake. Mshindi atapata shilingi laki tano na picha yake gazetini, wa pili na wa tatu watapata chao, na hao wengine wote watakaotuma, wawe mia mbili au mia sita, hawatapata kitu, ila hadithi zao zitabaki kwenu. Coastal Union wakifungwa pale Mkwakwani wanaondoka na jezi zao. Hakuna anayesimama mlangoni kuwavua.

Sidhani kwamba aliyeyaandika masharti yale alikusudia ubaya. Nahisi aliyanakili mahali, maana sharti kama hilo nimewahi kulikuta nchi nyingine na lugha nyingine, karibu neno kwa neno, na nimeona lilichomfanyia mtu. Ndiyo maana nataka kueleza kwa kirefu kidogo. Mkikata barua yangu kwa ajili ya nafasi, nawaomba mkate hii sehemu ya salamu.

Nimefanya kazi miaka mingi katika nyumba ya kulelea wazee mjini Dundee, kule Uskoti. Dundee ni mji uliotajirika kwa juti, nami nimezaliwa katika mji uliotajirika kwa mkonge, hivyo hatukuwa wageni sana mimi na mji ule: wao walishona magunia, sisi tulisokota kamba, na pande zote mbili tumeona viwanda vikifungwa. Kilichobaki kwao ni uchapaji. Kampuni ya DC Thomson ya palepale Dundee ndiyo inayochapisha The People's Friend, jarida la hadithi la kila wiki lililoanza mwaka 1869. Mwaka huo Mfereji wa Suez ndio kwanza unafunguliwa, na Unguja anatawala Sayyid Majid. Jarida lipo mpaka leo, na hadithi zake bado zinatumwa na watu wa kawaida kutoka majumbani mwao.

Jioni, tukishamaliza kuogesha na kulisha, nilikuwa nawasomea wazee wangu. Hakuna aliyeniagiza. Ilianza na bibi mmoja ambaye macho yalikuwa yamempotea, na ambaye ujana wake wote uliishia kwenye mashine za juti. Alinisahihisha matamshi bila huruma, na hadithi ikimchosha hasemi kitu, anageukia ukutani. Baadaye wengine wakaanza kusogeza viti. Katika kusoma kwa sauti namna ile, usiku hadi usiku, nikajifunza ambacho chuoni Korogwe hakuna aliyenifundisha: kwamba iko hadithi ya maneno elfu moja na mia tano isiyo na maiti, isiyo na kitanda, isiyo na tusi, inayokwisha kwa tumaini, na bado mwanamke wa miaka tisini anakukataza usiifunge. Jaribu kuandika moja uone. Katika aya mbili za kwanza msomaji awe amekwisha kumjua mtu wako, anataka nini na nini kinamzuia. Pa kuweka jua linalozama na upepo mwanana hapapo, na huo ndio ugonjwa wetu sote tuliosoma insha za kubuni shuleni.

Watu hudharau hadithi za namna hii. Kwetu wanaziita za saluni, za kusoma nywele zikikauka. Kule nao wanazo dharau zao, ila hawakunisumbua, kwa sababu niliwaona wasomaji wenyewe. Bibi yangu yule wa juti alikuwa anajua tangu aya ya pili kwamba mjane atamkubali mwenye duka la maua. Alichokuwa anasubiri ni kuona mwandishi atamfikishaje pale bila kumdanganya. Akidanganywa, ukuta.

Na waandishi, ambao wengi ni wanawake, hulipwa kwa kila hadithi. Siyo fedha za kujengea ghorofa. Lakini ni malipo yanayojulikana kabla, kwa kazi inayojulikana, na nilipogundua hilo ndipo na mimi nikanunua daftari.

Sasa nije kwenye mashindano. Majarida ya wanawake ya Uingereza yana njia mbili za kumpokea mgeni. Unaweza kumtumia hadithi mhariri wa hadithi, akiipenda anainunua. Au unaingia shindano. Miaka ya karibuni baadhi yameufunga mlango ule wa kwanza, hayasomi hadithi isipokuwa za waandishi yanaowafahamu tayari, kwa hiyo kwa mtu asiyejulikana shindano limekuwa ndiyo nafasi yake pekee ya kusomwa. Hapo ndipo masharti yanapopata uzito. Mtu ambaye hana pengine pa kwenda atakubali lolote lililoandikwa chini ya fomu, tena bila kusoma, kwa sababu anachokiona ni zawadi iliyo juu.

Nilikuwa na mwenzangu wa zamu za usiku, Mzambia wa Kitwe. Huyu alikuwa anaandika kunishinda. Saa tisa usiku, kengele za wazee zikitulia, anatoa karatasi. Alikuwa na hadithi moja ya wake wenza wawili. Mume kafa, kaacha cherehani. Mke mkubwa kachukua kichwa cha cherehani, mdogo kachukua meza yake ya kukanyagia, kila mmoja kafungia chake chumbani, na kwa mwaka mzima hakuna anayeweza kushona hata pindo. Kisha shule inafunguliwa na mtoto wa mmojawao hana sare. Sitakumalizia. Niliisoma mbele ya wazee, nikabadilisha jina la mji tu, na yule bibi wa ukutani aliniambia nirudie mwisho.

Mwenzangu akaipeleka kwenye shindano la jarida moja la wanawake. Silitaji, na si hilo la Dundee. Hakushinda, wala hakutajwa, wala hakuandikiwa. Kule utaratibu ni kwamba ukiona kimya hadi mwezi fulani ujue imekataliwa. Akasononeka wiki moja, akaandika nyingine.

Miaka ikapita. Kikundi cha wanawake wahamiaji kikapata fedha kidogo za kutoa kitabu cha hadithi zao, wakamwomba ile ya cherehani, maana aliwahi kuisoma kwenye mkutano wao na hakuna aliyeisahau. Mhariri wa kitabu, kwa uangalifu wake, akamuuliza: hadithi hii iko huru? Imewahi kwenda popote? Mwenzangu akachakura barua pepe za zamani, akayapata masharti ya lile shindano. Haki zote za hadithi zote zilizotumwa ni za mchapishaji. Akaandika kuomba ruhusa. Kumbe jarida lilikwisha kuuzwa kwa kampuni nyingine. Aliyemjibu alikuwa kijana mwenye adabu ambaye hakujua kulikuwa na shindano, hakujua hadithi zilizotumwa ziko wapi, na hakuwa na mamlaka ya kuruhusu kitu ambacho hakukiona. Akaahidi kuulizia. Kitabu kikaenda mitamboni bila cherehani.

Hebu tazama hapo, Mhariri. Hakuna aliyefaidika. Jarida halikuichapa hadithi, halikuiuza, halikujua hata kama linayo. Lakini mwenye nayo hakuweza kuitumia.

Mwanasheria angeweza kumtetea. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1988 inataka anayehamisha hakimiliki afanye hivyo kwa maandishi yaliyotiwa saini, kwa hiyo palikuwa na pa kubishania kama kutuma hadithi kwa barua pepe ni kutia saini. Pengine angeshinda. Lakini ni nani anayemlipa mwanasheria kwa hadithi ya kurasa nne? Mhariri wa kitabu hakutaka kesi, na mimi nisingemlaumu. Sharti la namna hii halihitaji kuwa na nguvu mahakamani ili lifanye kazi yake. Linatosha kumtia mtu hofu.

Wala si mashindano tu. Mwaka 2018 kulitokea ugomvi mkubwa kule juu ya Woman's Weekly, jarida lililoanza 1911 na ambalo wanawake wengi wamejifunzia uandishi. Kampuni iliyokuwa inalimiliki wakati huo, TI Media, iliteremsha malipo ya hadithi kutoka pauni 150 hadi 100, na hapohapo ikataka waandishi waachie haki zote badala ya haki ya kuchapa tu. Waandishi waliokuwa wakiliandikia kwa miaka wakagoma, chama cha waandishi kikaingilia, magazeti makubwa yakaandika. Wengine hawakulirudia tena. Nakumbuka tulivyolijadili zamu nzima. Kilichowauma zaidi haikuwa zile pauni hamsini. Mwandishi wa hadithi za majarida anaweza kuiuza hadithi ileile Australia au Sweden baada ya kuchapwa Uingereza, kisha akazikusanya ishirini akatoa kitabu chake. Hapo ndipo anapopata riziki. Ukimchukulia haki zote umemwachia siku moja ya malipo.

Mtu atasema huko ni Ulaya, sisi hadithi yetu ikishachapwa imekwisha. Si kweli. Mwandishi wa Kenya, Idza Luhumyo, hadithi yake ilishinda tuzo ya Short Story Day Africa ya 2020, ikaingia kwenye kitabu cha mkusanyo, na kutokana na mkusanyo huo ikaenda kushinda Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Kiafrika, ya 2022, pauni 10,000. Hadithi ileile. Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda alishinda Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola mwaka 2014. Miaka mitano baadaye hadithi ile ikabeba jina la mkusanyo wake uliochapishwa Marekani. Na tusitazame Kiingereza tu. Kule Kenya wanafunzi wa kidato cha nne wametahiniwa kwa miaka mfululizo kwa diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, na baada yake kwa Mapambazuko ya Machweo. Hizo ni hadithi fupi za Kiswahili, kama mnazoziomba nyinyi, na zimesomwa na watahiniwa wa nchi nzima. Tuzo ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, imekuwa ikipokea riwaya na pia mikusanyo ya hadithi fupi. Dada wa Muheza akitaka siku moja kukusanya hadithi zake azipeleke huko, ile aliyoitoa kwenu na ikashindwa ataiweka au hataiweka?

Kwa sheria yetu wenyewe, ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya 1999, mtunzi hahitaji kusajili hadithi popote ndipo iwe yake. Ni yake tangu anapoiandika, kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Zanzibar nao wana ya kwao ya 2003. Basi chukua msichana wa miaka 25 anayetuma hadithi kwenu mwezi ujao, Mungu akimjalia afike sabini na tano. Kitu mnachomtaka akiache bure ni haki ya miaka mia moja. Wajukuu zake wamo humo. Najua kwamba kwa sheria hiyohiyo uhamishaji unatakiwa uwe kwa maandishi, na kwamba COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, wapo kwa ajili ya kusikiliza malalamiko, lakini nirudie nilichosema juu ya mwanasheria na kurasa nne. Mama wa Handeni hatapanda basi kwenda kulalamika.

Najua pia mtakachojibu, kwa sababu nimewahi kuwauliza wahariri. Mtasema gazeti linajikinga: leo hadithi inatumwa, inashindwa, kesho mwandishi wenu anatoa hadithi yenye mama mkwe na kisima, na mshiriki anakuja juu kwamba mmemwibia kisima chake. Hofu hiyo naielewa. Ila kinga yake siyo kuchukua visima vyote vya mkoa. Andikeni tu kwamba mawazo yanaweza kufanana na kwamba hadithi zisizoshinda zitafutwa baada ya matokeo. Mtasema pia kwamba mnataka kuzichapa baadhi ya zisizoshinda, nafasi ikipatikana. Vizuri sana, chapeni, na mlipe. Hata elfu thelathini. Mtu aliyelipwa elfu thelathini kwa hadithi yake ya kwanza hatalala usiku ule, ninyi hamjui.

Jumuiya ya Madola, ambao shindano lao ni la bure na linapokea hadithi za Kiswahili, za maneno 2,000 hadi 5,000, wanampa mshindi mkuu pauni 5,000 na hakimiliki inabaki kwa mwandishi. Wao wanaomba ruhusa ya kuchapa tu. Kama walio na washiriki kutoka mabara yote wanaweza, kijarida cha Jumamosi kitashindwaje?

Ili msiseme nalalamika bila kuleta kitu, sharti la sita jipya hili hapa, mlinakili bure: "Hakimiliki ya kila hadithi itabaki kwa mtunzi. Kwa kushiriki, washindi watatu wanaliruhusu gazeti kuwa la kwanza kuchapa hadithi zao, kwenye karatasi na kwenye tovuti, mara moja tu, ndani ya miezi sita. Hadithi nyingine haitachapwa bila mtunzi kuulizwa na kulipwa. Baada ya matokeo, kila mtunzi yuko huru kuipeleka hadithi yake atakako." Sentensi nne tu. Mwanasheria wenu akiirefusha, muulizeni kwa nini.

Yaliyobaki nayasema mbio. Maneno 1,500 ni kipimo kizuri, msikubali kubembelezwa muongeze. Jina lisiwepo kwenye kurasa za hadithi, hilo hamkulisema na mlipaswa, maana miji yetu ni midogo na majaji wana mashemeji. Ada ya shilingi 3,000 kwa simu siipingi, mashindano mengi ya Uingereza yanatoza na mengine yanatoza sana. Ila semeni inaingia kwenye zawadi au inaingia wapi. Hadithi kutumwa kwa Word na barua pepe ni kuwafungia nje nusu ya watu mnaowataka. Wanawake wengi wanaoandika siku hizi wanaandika kwa kidole gumba, kwenye simu, kwenye foleni ya kliniki. Pokeeni ujumbe mrefu wa WhatsApp, mwajirini kijana mmoja aunakili, kazi imekwisha.

Mada, hata hivyo, inanipa shida. "Mwanamke Shujaa." Mhariri, mtapokea wajane wasio na idadi waliofukuzwa na mashemeji wakafungua genge, genge likawa duka, duka likawa nyumba ya bati jekundu, na mashemeji wakarudi kuomba msamaha. Nitakuwa nimewatabiria, mniandikie matokeo. Ukiwapa watu mada kubwa wanakupa hotuba. Wapeni kitu kidogo. Wapeni "Sahani ya jirani." Kila mwanamke wa pwani hii ana sahani ya jirani kabatini ambayo hawezi kuirudisha tupu na siku nyingine hana cha kuiwekea, na hapo ndani mna fahari, deni, wivu, mapenzi na njaa, bila mtu kuwa shujaa.

Sharti la tano, kwamba hadithi isiwe imewahi kuchapishwa popote, linahitaji maelezo ya ziada, na hapa nitakawia kidogo. Je, Facebook ni kuchapishwa? Je, kundi la WhatsApp la watu mia mbili? Nchini kwetu sasa wako wanawake wanaoandika simulizi kila usiku, sehemu ya kumi na mbili, itaendelea kesho, tuma elfu moja kwa namba hii upate yote kwa pamoja. Wengine wanalisha watoto kwa kazi hiyo. Ninao wawili ninaowafuata mimi mwenyewe, na mmoja wao angewekwa Dundee bibi yangu asingeugeukia ukuta kamwe. Tatizo lao ni moja. Asubuhi simulizi imekwisha kunakiliwa, jina la mtunzi limekatwa, jina la mwingine limewekwa, na namba ya simu ya kulipia ni ya mwizi. Mtunzi akilalamika anaambiwa mitandaoni hakuna chako. Hao ndio washiriki wenu hasa, wenye mkono uliozoea na wasomaji waliokwisha kuwajaribu. Wamezoea kuibiwa na watu wasio na majina. Sasa wanafungua gazeti lenye ofisi, nembo na mwanasheria, na wanakuta linataka kilekile, ila kwa lugha safi na nambari ya sharti.

Kwa Kiswahili cha wazi andikeni hivi: iliyowekwa kwenye ukurasa wa wazi kwa watu wote imechapishwa, iliyosomwa kwenye kundi la watu wachache haijachapishwa. Hapo mtaeleweka.

Umri wa miaka 18 na kuendelea sawa. Uamuzi wa majaji kuwa wa mwisho sawa pia, ingawa nimewahi kuyaona maamuzi.

Kikoba chetu hukutana Jumapili baada ya alasiri, na tangu mtangaze shindano hakuna aliyezungumza habari za marejesho. Hadithi ziko tayari kwenye simu. Iko moja ya mama aliyekwenda mpakani Horohoro kumsubiri mume anayerudi kutoka Mombasa, hiyo mkiipata mtanishukuru. Nimewaomba wasitume mpaka tusome sharti la sita jipya, na tarehe ya mwisho bado iko mbali kiasi cha nyinyi kulibadilisha toleo lijalo au linalofuata. Wamekubali, isipokuwa mmoja. Yeye kasema atatuma hivyohivyo lilivyo, kwa sababu laki tano ni ada ya mtoto ya mwaka, na hadithi atatunga nyingine. Simlaumu. Ndiyo maana barua hii nimekuandikia wewe, sikumwandikia yeye.

Wako msomaji wa Jumamosi,
Ngamiani, Tanga
(Jina na namba ya simu nimeviambatisha kwa ajili ya mhariri tu.)